Gari moja mpaka mwisho, au kubadili njiani? Kulinganisha namna za kupanga upya mabasi ya jiji

Saa kumi na mbili na nusu jioni, Buguruni, Dar es Salaam. Daladala niliyopanda imeandikwa mbele kwamba inafika Mwenge, lakini konda ameshachungulia foleni iliyoko mbele, akachungulia na umati ulio ng'ambo ya barabara unaotaka kurudi tulikotoka, na hesabu yake imeshakamilika kichwani. Anagonga bodi mara mbili. "Mwisho wa gari, tunageuza." Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni anamuuliza, "Anko, na nauli yangu?" Anarushiwa mia mbili. Sisi wengine tunashuka mikono mitupu, tunaanza upya kugombea gari na kulipa nauli nyingine.

Naanza na jioni hiyo kwa sababu kila mtaalamu anayekuja kupanga upya mabasi ya jiji, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza, hakawii kutamka kwamba abiria itabidi wabadili gari. Kwake hilo ni neno la kwenye ramani. Kwa abiria wa Buguruni, kubadili gari maana yake ni konda kukatisha ruti: unashushwa giza linaingia, na hela yako imeliwa. Ndiyo maana mikutano ya wananchi juu ya mambo haya huishia kwenye makelele. Watu wawili wanatumia neno moja kwa vitu viwili.

Lakini mtaalamu hakosei. Tuweke maumbo ya mtandao sambamba, tuone kila moja linatoa nini na linachukua nini.

Gari moja kwa kila safari

Hili ndilo umbo la daladala, na la matatu kule Nairobi. Kila mtaa una gari lake la kwenda katikati ya mji, na mtaa wenye bahati una magari ya kwenda pande tano. Hakuna ofisi iliyolichora kwa makusudi. Tangu 1983, serikali iliporuhusu watu binafsi kuingia kwenye biashara iliyokuwa mikononi mwa UDA, shirika la umma la mabasi ya Dar es Salaam, ruti zimekuwa zikifuata pesa: tajiri, yaani mwenye gari, ananusa wapi kuna abiria, anaomba kibali, gari linaingia barabarani.

Faida yake usiidharau. Mama mwenye ndoo mbili za samaki kutoka Feri hataki kusikia habari ya kituo cha kubadilishia. Ukishapata kiti umepata, hata kama foleni ni ya saa mbili. Na njia moja ikifungwa, mia nyingine zinaendelea.

Hasara yake imejificha kwenye kusubiri. Tufanye hesabu ya kubuni, penseli na karatasi tu. Kata moja ina magari 40, yamegawanywa sawasawa kwenda pande tano: Kariakoo, Posta, Mwenge, Mbagala na Gongo la Mboto. Kila upande una magari manane. Kama kwenda na kurudi ni saa mbili, gari la upande wako linapita kila baada ya dakika 15. Mbele ya macho yako zimepita gari nne, zote za kwingine. Kwa wastani umesubiri dakika saba na nusu, na hapo ni kama magari yamepangana vizuri, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu daladala ianze kuitwa daladala.

Njia kuu na mlisho

Sasa chukua magari 10 kati ya yale 40, yafanye kazi moja tu, ile iitwayo mlisho: kutoka kwenye kata hadi njia panda na kurudi, dakika 40 mzunguko. Linapita gari kila dakika nne. Magari 30 yaliyobaki yanahamia njia panda, nayo ndiyo ya njia kuu. Kama ni ya kata hiyo peke yake, hujafanya kitu, kwa kuwa ukiyagawa tena pande tano unarudi kulekule karibu na robo saa. Lakini kata nne zikikutana kwenye njia panda hiyohiyo, una magari 120, yaani 24 kwa kila upande. Safari sasa ni fupi, tuseme dakika 80 kwenda na kurudi. Gari la upande wako linapita kila baada ya dakika tatu na kitu. Ukijumlisha kusubiri mara mbili, kwa wastani hujafikisha dakika nne. Magari ni yaleyale na madereva ni walewale, isipokuwa muda wa kusimama kituoni umepungua karibu nusu, ukiacha hatua za kutembea toka gari moja hadi jingine.

Huo ndio uzuri wa kubadili gari, na kwenye karatasi hauna mpinzani. Mwendokasi wa Dar es Salaam ulijengwa juu ya fikra hiyo. Mei 2016 awamu ya kwanza ilianza, kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Gerezani na Morocco, mabasi yakiwa na njia yao katikati ya barabara, na daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro zikahamishiwa kwingine. Nauli ya mwanzo ilionyesha kwamba kuna mtu alifikiria: njia kuu 650, mlisho 400, lakini ukichukua vyote viwili ulilipa 800, si 1,050. Hiyo mia mbili na hamsini iliyosamehewa, kwa maoni yangu, ilikuwa na thamani kuliko lami yote. Ndiyo iliyokuwa ikimwambia abiria kwamba kubadili gari si adhabu.

Umbo hili lina udhaifu ambao umbo la kwanza halina, nao unaitwa Jangwani. Karakana ya mabasi ilijengwa bondeni, jirani na Mto Msimbazi, na barabara yenyewe inakatiza bonde hilohilo. Mvua kubwa ikinyesha, mto unadai eneo lake. Daladala hutafuta njia ya kuzunguka, konda akapandisha nauli kidogo, maisha yakaendelea. Njia kuu haizunguki. Unapowaweka abiria wote kwenye mshipa mmoja, chagua kwanza mshipa usiozama.

Drafti

Umbo la tatu halina katikati. Fikiria ubao wa drafti pale kijiweni: mistari ya kwenda juu na mistari ya kwenda pembeni, na gari moja kwenye kila mstari. Popote uendako unabadili mara moja, si zaidi.

Houston, Marekani, walifanya hivyo usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 16 Agosti 2015. Mabasi yao yalikuwa yakielekea katikati ya mji wakati ajira zilishasambaa pande zote. Wakaifuta ramani nzima, wakachora mpya karibu kwa bajeti ileile. Ruti zikapewa rangi kufuatana na kusubiri, jambo ninalolipenda mno: nyekundu ni dakika 15 au pungufu, siku zote saba za wiki, buluu ni kati ya 20 na 30, kijani ni saa nzima. Abiria haulizi "basi la namba ngapi?" kabla hajajua kama inafaa kulisubiri. Barcelona nao walichora drafti yao, ruti 28 zenye herufi: H za kulala, V za kusimama, D za mshazari. Wao hawakufanya kwa usiku mmoja. Walianza 2012 wakamaliza 2018.

Drafti inadai kitu kimoja ambacho hakinunuliwi kwa mkopo wa benki yoyote: mitaa iliyonyooka. Barcelona wanayo kwenye eneo la Eixample, lililopimwa tangu karne ya 19. Manzese hawana.

Usiku mmoja au miaka sita?

Hapa ndipo watu wengi huchagua vibaya, kwa kuwa mfano unaotajwa sana ni wa kutisha. Santiago, mji mkuu wa Chile, walibadili mabasi yao tarehe 10 Februari 2007. Kabla ya hapo walikuwa na mabasi ya njano, ya matajiri wadogowadogo maelfu, dereva akilipwa kwa tiketi anazokata, wakifukuzana barabarani kugombea abiria. Ungemleta konda wa Mbagala angejiona nyumbani. Mfumo mpya, Transantiago, ulikuwa na kila kitu ambacho vitabu vinasema: njia kuu, mlisho katika kanda 10 zenye rangi zake, kadi moja ya nauli iitwayo Bip!, na treni ya chini ya ardhi ndani ya nauli hiyohiyo.

Ulianza mwezi wa likizo. Machi watu waliporudi kazini na shuleni, jiji likasimama. Mabasi yalikuwa pungufu, njia maalumu nyingi hazikuwa zimejengwa, mitambo ya kufuatilia mabasi haikuwa tayari. Waliokata tamaa vituoni wakahamia Metro, ile treni ya chini ya ardhi, ikafurika. Mwezi huohuo Rais Michelle Bachelet aliwaomba radhi wananchi na kumbadilisha waziri wa uchukuzi.

Wengi husimulia kisa hiki wakimalizia kwamba mabadiliko ya ghafla ni hatari, tuende polepole. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipokiweka sambamba na cha Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini.

Seoul nao walibadili kwa siku moja, tarehe 1 Julai 2004. Ruti zilipangwa upya kwa mpigo, mabasi yakapakwa rangi nne (buluu ya njia kuu, kijani ya mlisho, nyekundu ya kwenda miji ya jirani, njano ya mzunguko wa katikati), njia za mabasi zikawekwa katikati ya barabara, na kadi mpya ikaanza. Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Kadi zilizingua, watu hawakujua wapande lipi, meya Lee Myung-bak akaomba radhi. Lakini vurugu za Seoul zilitulia baada ya muda mfupi na mfumo ukasimama. Meya mwenyewe baadaye akachaguliwa kuwa rais wa nchi. Santiago walihangaika miaka, hata jina wakalibadilisha 2019, mfumo ukaitwa Red, neno la Kihispania lenye maana ya mtandao.

Ghafla ilikuwa sawa pande zote mbili. Kadi ilikuwepo pande zote mbili, kubadili gari kulikuwepo pande zote mbili. Tofauti tuitafute kwingine.

Nani anamlipa dereva, na kwa kipi?

Seoul waliyaacha mabasi mikononi mwa kampuni binafsi, lakini nauli zote zikaingia mfuko mmoja na kampuni zikalipwa kwa kilomita ambazo basi limetembea kweli. Ruti na ratiba vikawa vya jiji. Kampuni ambayo basi halikutoka haikulipwa.

Santiago, mikataba ya mwanzo iliwahakikishia waendeshaji sehemu kubwa ya mapato hata abiria wakipungua. Mitambo ya kufuatilia mabasi haikuwa ikifanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyejua kwa uhakika ni mabasi mangapi yametoka. Jiweke kwenye kiti cha mwenye kampuni: mafuta ni gharama, tairi ni gharama, na pesa inaingia basi likitoka lisitoke. Ungelitoa? Mikataba hiyo ilikuja kufumuliwa, malipo yakafungwa kwenye abiria na kilomita, lakini imani ya watu ilishaondoka.

Sasa weka pembeni yao malipo yetu. Dereva wa daladala hana mshahara. Asubuhi anachukua gari, jioni anampelekea tajiri hesabu, yaani kiasi cha pesa kilichopangwa kwa siku, na kinachobaki baada ya mafuta ni chake na cha konda, na pengine cha deiwaka aliyemshikia gari mchana. Kila anachofanya kinatoka hapo. Gari haliondoki kituoni mpaka lijae, kwa sababu viti vitupu havileti hesabu. Anakatisha ruti Buguruni, kwa sababu abiria wa kurudi ni wengi kuliko waliobaki ndani. Mwanafunzi anaachwa kituoni, kwa sababu nauli yake ni ndogo na nafasi anayochukua ni ileile. Sipendi watu wanaosema makonda hawana utu. Mpe askofu hesabu ya kupeleka jioni, naye atakatisha ruti.

Irudie sasa ile karatasi yangu ya magari 10 ya mlisho kila dakika nne, uyakabidhi kwa madereva wa hesabu. La kwanza linasubiri lijae. La pili linapanga foleni nyuma yake, mpiga debe anadai chake. Dakika nne zimekuwa 20. Abiria aliyeahidiwa kusubiri mara mbili kwa muda mfupi anasubiri mara mbili kwa muda mrefu, na analipa mara mbili, maana dereva wa hesabu hawezi kugawana nauli na gari lingine. Mtandao wa kubadili gari ukiwekwa juu ya malipo ya hesabu ni mbaya kuliko ule wa zamani. Naandika hivyo bila kusitasita.

Malipo ya kilomita nayo si malaika. Dereva asiyefaidika na abiria ana sababu gani ya kusimama kituoni? Atakupita ukipunga mkono, kilomita zake zinahesabika vilevile. Na kampuni ikilipwa kwa kilomita, fedha za nauli zikipungua ni jiji linalofidia. Seoul fidia hiyo imekuwa mzigo mkubwa. Anayependekeza mfumo huu kwa halmashauri zetu aseme pia pesa itatoka fungu gani, na itakuwaje siku fungu likichelewa miezi mitatu.

Kuna na suala la nani aachwe

Bodi ya usafiri ya Houston ilikaa ikaamua jambo ambalo wanasiasa wengi hulikwepa: asilimia 80 ya nguvu ya mabasi iende kule kwenye abiria wengi, asilimia 20 ibaki kwa maeneo yenye watu wachache ambao hawana namna nyingine. Unaweza kubishana na namba hizo, lakini angalau zilisemwa hadharani kabla ya ramani kuchorwa.

Sisi uamuzi huo tumewaachia matajiri wa magari, na jibu lao tunalijua: pesa ilipo. Kwingine ni bodaboda na bajaji. Ukweli ni kwamba hizo ndizo mlisho wetu tayari, na yeyote anayechora njia za mlisho huku akijifanya hazipo atakuja kushangaa mabasi yake yakienda tupu.

Ningechagua nini

Kwa mji ambao hauna fungu la uhakika la kulipa kilomita, na miji yetu mingi ya mikoani iko hapo, ningebaki na gari moja kwa safari. Ningetumia fedha ndogo iliyopo kwenye njia za mabasi pale foleni inapoua, vituo vyenye paa, na askari wa kuzuia kukatisha ruti. Haipendezi kwenye picha za uzinduzi, ila haimwongezei mtu nauli.

Kwa Dar es Salaam ningechanganya. Ukilitazama jiji toka juu, barabara zake kubwa ni vidole vinne vinavyokutana mjini: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Mwendokasi unafuata vidole, awamu kwa awamu, na ule wa Mbagala ulianza kubeba abiria 2025. Hilo ni sawa. Ila vidole peke yake vinamlazimisha mtu wa Mwenge anayefanya kazi Kurasini ashuke mpaka mjini ndipo apande tena. Hatuna drafti, lakini tuna kitu kama utando wa buibui: Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, halafu Mandela kutoka Ubungo kupitia Tabata na Buguruni hadi bandarini. Barabara hizo mbili zinaunganisha vidole vyote vinne bila kugusa Kariakoo.

Ningeanzia hapo, kabla ya daraja lolote jipya. Ruti moja, kutoka Mwenge hadi Kurasini, mabasi yanayolipwa kwa kilomita, kuondoka kila dakika tano hata kama viti vimebaki, na tiketi inayokubalika kwenye mwendokasi pale Ubungo. Daladala za ruti hiyo zisifukuzwe, wenye magari waitwe waunde kampuni, madereva wao waajiriwe kwanza kabla ya mtu yeyote kutoka nje. Foleni ya malori ya bandarini itasumbua, najua. Basi lipewe njia yake hata kama ni kuanzia Tabata hadi Buguruni tu.

Na kabla ya hayo yote, mtu akasimame Ubungo siku tatu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na daftari. Asihesabu magari. Ahesabu watu wanaoshuka gari moja na kutembea haraka kuelekea jingine, mkoba kichwani, nauli ya pili tayari imekunjwa kiganjani. Hao wameshaanza kubadili gari zamani, bila ramani ya mtu.